Kopo la kapsuli katika wiki ya nne: uchambuzi wa kisa cha vidonda vya mdomoni wakati wa mionzi

Jumanne ya wiki ya nne, mara tu baada ya kipindi cha 17 cha mionzi, binti wa mgonjwa aliweka kopo jeupe juu ya meza ya muuguzi. "Sista," aliuliza, "nikizifungua hizi nikampaka baba unga wake kwenye vidonda, nitakuwa nimekosea?"

Swali lake ni zuri kuliko lile tulilolizoea, la kama probayotiki, yaani bidhaa za bakteria hai wanaodhaniwa kuwa na faida, "zinasaidia" au "hazisaidii". Yeye hakuuliza habari za probayotiki kwa jumla. Aliuliza kuhusu kopo lile, kwa mdomo ule, siku ile. Jibu lilikuwa hapana, ingawa utafiti kuhusu bakteria rafiki na vidonda vya mdomoni unatia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Nitajaribu kuonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu hayumo kwenye faili la hospitali yoyote. Nimemuunda kwa vipande vya mwenendo wa kawaida wa ugonjwa wake. Takwimu za majaribio nitakazozitaja, hizo ni za kweli.

Mgonjwa na mdomo wake

Mwanamume wa miaka 58, mwenye saratani ya shina la ulimi iliyofika kwenye tezi za upande mmoja wa shingo. Mpango wake ulikuwa ule unaotumika sana kwa saratani za aina hiyo: grei 70 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa katika vipindi 35, grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 7, pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki. Mishipa yake ilikuwa migumu kupatikana, kwa hiyo aliwekewa mrija mrefu unaoingilia mkononi na kuishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Mrija huo utarudi kwenye kisa hiki.

Wiki mbili za mwanzo zilipita kwa malalamiko madogo: ladha imebadilika, mate yamekuwa mazito. Mwishoni mwa wiki ya pili ufizi na mashavu kwa ndani vilianza kuwa vyekundu na kuwasha. Wiki ya tatu vikatokea vidonda. Jumanne hiyo ya wiki ya nne alikuwa amekwisha kupokea grei 34, na muuguzi alipomulika kurunzi aliona vidonda vilivyoungana kando ya ulimi na kwenye kaakaa laini, vimefunikwa na utando wa rangi ya maziwa. Alikuwa hali chochote kigumu tangu Ijumaa. Vinywaji tu ndivyo vilivyopita. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani hilo ni daraja la 3. Kipimo hicho kina madaraja 0 hadi 4, na ni rahisi kukikumbuka kwa sababu kinapima kile mtu anachoweza kumeza: daraja la 2 ana vidonda lakini anakula, la 3 anakunywa tu, la 4 hapitishi kitu.

Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 71 hadi 66, yaani asilimia 7 ndani ya wiki nne. Seli nyeupe za mstari wa mbele, zile ziitwazo nyutrofili, zilikuwa 1,300 kwa kila mikrolita ya damu, na zilikuwa zikiendelea kushuka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo binti hakulitaja mpaka alipoulizwa. Tangu vidonda vianze, alikuwa akimpa baba yake dawa ya kusukutua yenye klorheksidini na alkoholi, mara nne kwa siku. Alitaka mdomo uwe safi. Mzee alikuwa akisukutua huku machozi yakimtoka, akiamini kwamba dawa isiyowasha haifanyi kazi.

Vidonda hivi huanza kabla havijaonekana

Watu wengi, na hata baadhi yetu tunaofanya kazi hii, huwaza vidonda vya tiba ya saratani kama maambukizi: wadudu wameingia mdomoni, wanakula nyama, wapelekewe wadudu wazuri wakapigane nao. Picha hiyo ndiyo inayouza makopo. Kwa sehemu kubwa si sahihi.

Utando laini wa kinywa hujitengeneza upya kila baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Seli za chini huzaliana, husukuma zile za juu, nazo za juu huchubuka na kumezwa bila mtu kujua. Mionzi na dawa za saratani huzipiga seli zinazozaliana, na hizo za chini ndizo zinazozaliana kuliko nyingine. Kwa hiyo kipigo cha kwanza huanguka siku ya kwanza ya tiba, mahali ambapo jicho halioni. Maelezo yanayokubalika zaidi, yaliyopangwa na Stephen Sonis mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana hatua tano: kuanzishwa kwa uharibifu, mwamko wa vichocheo vya uvimbe ndani ya tishu, kuongezeka kwa vichocheo hivyo kwa kuitana vyenyewe kwa vyenyewe, kutoboka kwa utando, na mwisho kupona. Mtu huona kidonda katika hatua ya nne. Moto umeshawaka chini kwa chini wiki mbili au tatu.

Bakteria wana kazi yao humo, lakini kazi hiyo huonekana wazi zaidi utando ukishatoboka. Hujaa juu ya kidonda, vipande vya kuta zao hupenya chini na kuzichochea seli za kinga zitoe kemikali zaidi za uvimbe. Kidonda hukua na kuuma zaidi. Kama seli nyeupe ziko chini, bakteria wenyewe wanaweza kupita kwenye tundu hilo na kuingia kwenye damu. Baadhi ya wanaofanya hivyo ni streptokoki wa kawaida wa mdomoni, wakazi ambao siku nyingine zote hawana ubaya.

Sasa rudi kwenye swali la binti. Kumpaka baba unga wa bakteria hai juu ya kidonda kilichotoboka, wakati nyutrofili ni 1,300 na zinashuka, ni kuongeza wageni kwenye mlango uliovunjika. Hata kama wageni hao ni wapole.

Kilichoandikwa kwenye kopo

Muuguzi aligeuza kopo akasoma lebo. Nampongeza kwa hilo, maana jibu la haraka la "achana na mambo hayo" lingemfanya binti akatumie kimyakimya. Lebo ilitaja aina nane za bakteria na moja ya hamira, Saccharomyces boulardii. Bakteria walitajwa kwa majina mawili mawili tu, Lactobacillus acidophilus na wenzake, bila herufi wala namba nyuma ya jina.

Hapo pana tatizo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Katika probayotiki, jina la jenasi na spishi halitoshi. Kinachohesabika ni ukoo, ile alama ya mwisho kama K12, CD2 au GG. Koo mbili za spishi moja zinaweza kutengeneza vitu tofauti kabisa. Ukienda mbali kidogo, Streptococcus salivarius K12, aliyepatikana New Zealand kwenye kazi za John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, ana sifa ya kutoa vitu vinavyoua Streptococcus pyogenes, mdudu wa homa ya mafindofindo. Wote wawili ni streptokoki. Mmoja anauzwa kama mlinzi wa koo na mwingine anatibiwa kwa penisilini. Kwa hiyo jaribio lililofanikiwa kwa ukoo mmoja halimpi sifa jirani yake wa kwenye kopo jingine.

Ili kuongeza mkanganyiko, mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa katika jenasi 25, na majina mengi yakabadilika. Lactobacillus brevis sasa anaitwa Levilactobacillus brevis. Makopo mengine yameandika jina la zamani na mengine jipya, na mtu anaweza kudhani ni viumbe wawili.

Lipo pia suala la njia. Kapsuli imetengenezwa ili ipite mdomoni imefungwa na kufunguka tumboni au kwenye utumbo. Tembe ya kumung'unya huyeyuka taratibu mdomoni na kuwaacha bakteria wakae kwenye ulimi na mashavu. Kufungua kapsuli na kupaka unga wake ni kubuni njia ya tatu ambayo haikupimwa kwenye majaribio nitakayoyapitia.

Majaribio yanasema nini

Nitayapitia manne, kwa sababu ndiyo yanayotajwa sana na kwa sababu hayakubaliani.

La kwanza lilifanyika India, likachapishwa 2012. Wagonjwa 200 wa saratani za kichwa na shingo, wote wakiwa kwenye mionzi na kemotherapi, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walimung'unya tembe za L. brevis CD2, nusu tembe tupu zinazofanana nazo. Vidonda vya daraja la 3 na 4 viliwapata asilimia 52 ya waliopewa bakteria na asilimia 77 ya wenzao. Asilimia 28 dhidi ya 7 hawakupata vidonda kabisa. Lakini namba ninayoipenda katika jaribio hilo ni nyingine: asilimia 92 walikamilisha tiba yao ya saratani, dhidi ya asilimia 70. Kwa nini naipenda, nitaeleza tukifika kwenye maamuzi ya kliniki.

Maelezo ya jinsi CD2 anavyoweza kusaidia yanavutia. Ukoo huo una kiwango kikubwa cha kimeng'enya kinachovunja arginini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Arginini ikipungua, tishu hukosa malighafi ya kutengenezea oksidi ya nitriki, mojawapo ya vichocheo vya uvimbe. Ukiitazama picha ya hatua tano, hapo bakteria hapigani na bakteria wengine. Anapunguza kuni kwenye moto wa hatua ya pili na ya tatu. Ndiyo maana anapaswa kuwapo mapema.

Jaribio la pili ni la Italia, 2019, wagonjwa 75, ukoo uleule wa CD2. Tofauti haikuonekana. Kundi la kulinganishwa, hata hivyo, halikupewa tembe tupu bali lilisukutua kwa maji ya magadi soda. Unaweza kulisoma kwa namna mbili: ama bakteria hawa hawana nguvu iliyoonekana India, ama kusukutua kwa bidii kunafikisha watu karibu mahali palepale. Jaribio lilikuwa dogo mno kuamua. Mimi naegemea kidogo upande wa pili, labda kwa sababu nimeona mara nyingi mno mdomo usiosukutuliwa vizuri.

La tatu ni la China, pia 2019, kwa wagonjwa 99 wa saratani ya nyuma ya pua. Hao walimeza mchanganyiko wa bakteria watatu, na vidonda vikali viliwapata asilimia 15.5 dhidi ya asilimia 45.7 kwa wasiopewa. Hili linavuruga hoja yangu ya kumung'unya, na sitalificha. Kama bakteria waliomezwa walilinda mdomo, basi kazi ilifanyika kupitia utumbo na mfumo wa kinga, si kwa kukaa kwenye vidonda. Inawezekana. Lakini hata hapo walianza na tiba, si wiki ya nne.

La nne ni la China tena, 2024: wagonjwa 160, tembe za S. salivarius K12 za kumung'unya. Vidonda vikali viliwapata asilimia 36.6 dhidi ya 54.2, na siku za kukaa na vidonda vikali, kwa mgonjwa wa katikati, zilikuwa 0 dhidi ya 9. Siku tisa za kutoweza kula ni siku nyingi sana.

Kuna pia hadithi ya bakteria aliyebadilishwa vinasaba, Lactococcus lactis aliyefundishwa kutoa protini ya binadamu inayosaidia utando kupona. Kwenye karatasi ilikuwa fikra nzuri kuliko zote. Jaribio la awamu ya pili halikufikia lengo lake.

Jumla ya yote hayo ndiyo iliyowafanya wataalamu wa jumuiya za kimataifa za huduma saidizi ya saratani, katika mwongozo wao wa 2020, waseme ushahidi wa probayotiki kwa vidonda vya mdomoni hautoshi kutoa pendekezo lolote. Jaribio la K12 lilikuja baadaye, kwa hiyo mwongozo ujao unaweza kusema vingine. Kwa kuhara kunakotokana na mionzi ya nyonga, wataalamu haohao walikwisha kukubali kupendekeza kwa tahadhari bidhaa zenye Lactobacillus. Mdomo na utumbo si mahali pamoja.

Angalia kile ambacho majaribio yote manne yanashiriki: yalikuwa ya kuzuia. Hakuna hata moja lililochukua mtu mwenye daraja la 3 na kujaribu kumponya.

Hamira na mrija

Kama kopo lile lingekuwa la bakteria watupu, muuguzi angeweza kubishana na binti kwa upole kuhusu faida ndogo na hatari ndogo. Hamira ndiyo iliyofunga mjadala.

Saccharomyces boulardii ni fangasi. Kwa mtu mwenye kinga nzuri humsaidia wakati mwingine kwenye kuhara. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa, imeshatokea, ingawa kwa nadra, hamira hiyo kuingia kwenye damu, na wasimamizi wa dawa wa Ulaya wamekataza isitumike kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mara nyingine haipiti hata tumboni. Mtu anafungua kapsuli, vumbi lake linabaki vidoleni na hewani, kisha mikono ileile inashika mrija. Binti alikuwa ndiye anayemfungia baba yake bandeji ya mrija kila jioni. Na alikusudia kufungua kapsuli tatu kwa siku.

Halafu muuguzi alikwangua ule utando mweupe wa kwenye kaakaa kwa kijiti, ukatoka kidogo na kuacha wekundu. Daktari aliukubali kuwa ni fangasi wa kandida juu ya vidonda, jambo la kawaida sana mate yanapokauka, akaandika nistatini, dawa inayoua fangasi, hamira ikiwamo. Hebu fikiria: kwa mkono mmoja angepewa dawa ya kuua hamira, kwa mkono mwingine hamira. Na bakteria wanane waliobaki wangepakwa kwenye mdomo unaosukutuliwa klorheksidini mara nne kwa siku, dawa ambayo kazi yake ni kuwaua.

Nadhani hilo ndilo lililomwingia binti kuliko maelezo yote ya kinga. Alicheka, kicheko cha uchovu. "Kwa hiyo ningekuwa nawapanda huku nawaua."

Aliuliza pia kuhusu mtindi. Muuguzi alimwambia mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa ni chakula kizuri chenye protini, ampe kama hauwashi. Vidonda vingi havipendi uchachu wake. Bakteria wanaogandisha maziwa siyo waliopimwa kwenye majaribio, kwa hiyo amhesabie baba yake mtindi kama mlo na si kama dawa.

Kilichofanyika

Klorheksidini iliondolewa siku hiyohiyo. Mwongozo haushauri itumike kuzuia vidonda vya mionzi ya kichwa na shingo, na alkoholi ilikuwa ikimchoma bure. Badala yake: kijiko 1 cha chai cha magadi soda na 1 cha chumvi katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kusukutua kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, mswaki laini mno, midomo kupakwa mafuta. Ni tiba isiyo na mvuto wowote. Mzee aliidharau kwa siku mbili kwa sababu haikuwasha.

Maumivu yalikuwa yametibiwa kwa parasetamoli peke yake, na hilo lilikuwa kosa letu sisi watoa huduma, si la familia. Alianzishiwa mofini ya maji ya kumeza kwa saa, na jeli ya lidokeini ya kupaka kabla ya kula. Mtu anayeumwa kiasi hicho hamezi, asipomeza anapungua, akipungua barakoa ya mionzi inayomshika kichwa inalegea na miale inakosa shabaha. Mambo haya yameshikana mikono.

Kwa uzito, mtaalamu wa lishe alishauri mrija wa kulishia kupitia puani. Mzee alikataa. Walikubaliana kumpa siku tano za vinywaji vyenye nguvu na protini nyingi huku akipimwa, na kama angeshuka chini ya kilo 65 angewekewa. Jumatatu iliyofuata alikuwa na 64.6. Aliwekewa.

Barafu? Binti alikuwa amesoma kwamba kumung'unya barafu huzuia vidonda. Ni kweli, kwa dawa chache zinazopita haraka kwenye damu, kama fluorourasili inayodungwa kwa mara moja au melfalani ya kipimo kikubwa: baridi hubana mishipa ya mdomo kwa nusu saa, dawa inapita ikiacha mdomo. Mionzi haisafiri kwenye damu. Barafu ingemliwaza tu. Mwanga maalumu wa leza ya nguvu ndogo, ambao mwongozo unaupendekeza kwa wagonjwa kama yeye, nao ni wa kuanza siku ya kwanza, na haukuanzwa.

Dozi ya nne ya sisplatini iliahirishwa. Wiki ya sita ikaja homa ya 38.4 na nyutrofili 600. Alilazwa, damu ikachukuliwa kuoteshwa kutoka kwenye mrija na kutoka kwenye mkono, antibayotiki za wigo mpana zikaanza ndani ya saa moja. Damu haikuotesha kitu, homa ikashuka siku ya tatu. Jaribu kufikiria siku hizo tatu kama kopo lingekuwa limetumika kwa wiki mbili: kila aliyesoma majibu ya maabara angejiuliza kama kilichomo kwenye damu kililetwa na ugonjwa au na upendo wa mtoto.

Alikosa vipindi viwili vya mionzi. Hapa ndipo ile namba ya India, 92 kwa 70, inapopata uzito. Katika saratani hizi, kila siku ambayo tiba inarefuka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kama asilimia 1 au zaidi kidogo, kwa sababu seli za saratani zilizobaki huzaliana kwa kasi wakati wa mapumziko. Vidonda vya mdomoni huonekana kama kero ya pembeni, kumbe vinaweza kuamua kama saratani itarudi. Vipindi viwili vilifidiwa kwa kupewa viwili kwa siku, vikiachana kwa zaidi ya saa sita, na akamaliza Ijumaa ya wiki ya saba kama ilivyopangwa.

Vidonda viliendelea kuwa vibaya kwa siku kumi baada ya mionzi kuisha. Hilo huwavunja watu moyo, kwa sababu wanatarajia kupona siku mashine inapozimwa. Wiki ya tano baada ya tiba utando ulikuwa umefunga, mrija wa puani ukatolewa. Mate hayakurudi yote.

Kama kopo lingekuja wiki nne kabla

Hapa nasema maoni yangu. Kama binti angeuliza swali lake siku ile baba yake alipotengenezewa barakoa, wiki moja kabla ya kipindi cha kwanza, jibu lingekuwa gumu zaidi na la kuvutia zaidi. Seli nyeupe zilikuwa nzuri, utando mzima, mrija haujawekwa. Kwa kopo lile jibu lingebaki hapana kwa sababu ya hamira, kwani mrija ulikuwa njiani na kila mtu alijua. Kwa tembe za kumung'unya za ukoo uliopimwa, zenye jina kamili na idadi ya bakteria hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, ningependa daktari wake akubali, kwa masharti: zianze pamoja na mionzi, zisimung'unywe ndani ya saa moja ya kusukutua dawa yoyote ya kuua vijidudu, zikome nyutrofili zikishuka chini ya 1,000, na zisichukue nafasi ya magadi soda.

Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Wanasema mgonjwa wa kemotherapi asipewe kiumbe hai chochote, na wana haki ya kusema hivyo. Majaribio huchagua wagonjwa wake, kliniki haichagui. Ningekuwa upande wao bila kusita kama mgonjwa angekuwa anasubiri kupandikizwa uboho. Ningesita pia kama angekuwa kwenye dawa za kuamsha kinga dhidi ya uvimbe, kwa sababu utafiti wa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, uliochapishwa 2021, ukiungwa mkono na majaribio ya panya, ulidokeza kwamba probayotiki za dukani zinaweza kudhoofisha tiba hizo huku chakula chenye nyuzinyuzi kikizisaidia. Mgonjwa wetu hakuwa kwenye dawa hizo.

Katika fomu ya siku ya barakoa kulikuwa na swali la meno, la sigara, la mzio. Hapakuwa na swali la vitu ambavyo familia imenunua au inapanga kununua. Muuguzi aliliongeza kwa kalamu pembeni ya karatasi, na kuanzia wiki iliyofuata akawa anauliza kila familia: "Mna kopo lolote nyumbani? Nileteeni nisome lebo." Wa kwanza kuulizwa alileta manne.